Povu la maziwa ni nini, na mbona mashini ya kahawa hulikataa?

Povu la maziwa ni hewa iliyofungiwa ndani ya maziwa. Ni hewa hii hii tunayopumua, imekatwakatwa kuwa vipovu vidogo mno, na kila kipovu kimevishwa ngozi nyembamba ya protini. Si mvuke, si mafuta, wala si yale maziwa yanayofura na kumwagika jikoni ukisahau sufuria. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mashini inatoa mvuke kwa kishindo, maziwa yanaunguza ulimi, povu hakuna, na mwenyewe anasema mashini imekufa. Haijakufa. Moto inao, kilichokosekana ni hewa, au imepewa maziwa yasiyoweza kuishika hewa hiyo.

Tuanze na maziwa, kwa sababu hapa Goma, mashariki mwa Kongo, mara nyingi ndiyo yenye kosa kabla ya mashini.

Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina protini kama gramu 33. Karibu asilimia 80 ni kaseini, ile inayogandishwa kuwa jibini. Zilizobaki ni protini zinazoondoka na yale maji ya kijani-manjano wanayoyamwaga watengeneza jibini wa Masisi, eneo la wafugaji jirani na mji. Protini hizi zina sehemu inayopenda maji na sehemu inayoyakimbia. Hewa ikiingia, zinakimbilia mpaka wa maji na hewa, zinajipanga pale, na kipovu kinapata ngozi. Joto likifika digrii 60 hadi 65, povu linakuwa laini na utamu wa maziwa unasikika vizuri. Likipita 70, zile protini za pili zinavurugika, vipovu vinakuwa vikubwa na vikavu, na kikombe kinanuka maziwa yaliyochemshwa. Kwa hiyo hewa huingizwa mwanzoni, maziwa yakiwa bado baridi. Jagi likianza kuwa vuguvugu mkononi, acha kuingiza hewa. Kilichobaki ni kuzungusha tu, ili vipovu vikubwa vivunjike kuwa vidogo.

Mafuta ni habari nyingine. Yakiwa mazima, yamekaa ndani ya vifuko vyake, yanaleta ule ulaini wa kapuchino nzuri. Yakimwagika nje ya vifuko, yanavamia ngozi ya vipovu na kuipasua. Na kuna kiwango cha joto ambacho mafuta huwa nusu yameganda, nusu yameyeyuka: kuanzia digrii 15 hivi hadi 40. Katika hali hiyo vifuko hupasuka kwa urahisi. Sasa fikiria maziwa yaliyokaa juu ya meza katika mitaa ya Himbi au Katindo baada ya umeme kukatika usiku na firigo kuzima. Yapo digrii 20 hivi, ndani kabisa ya eneo baya. Mwenye nyumba anayaweka chini ya bomba la mvuke asubuhi, yanapiga kelele, yanapata moto, yanabaki bapa kama maji ya kunawa. Yatoe kwenye firigo yakiwa digrii 4 hivi na mashini ile ile itafanya kazi.

Kuna na jambo la barabara. Maziwa mabichi yanayotoka Masisi yanashuka mjini ndani ya mabidoni, juu ya pikipiki, kwenye njia tunazozijua. Kila shimo linayasukasuka. Vifuko vya mafuta vinapasuka, na kimeng'enya kiitwacho lipasi, ambacho kimo ndani ya maziwa mabichi tangu yakikamuliwa, kinaanza kuyakatakata mafuta yaliyomwagika. Kinachotoka pale ni asidi za mafuta, nazo ni adui mkubwa wa povu: zinazisukuma protini kutoka kwenye ngozi ya kipovu na kukaa mahali pake, lakini hazina nguvu ya kukishika. Maziwa haya yanaweza kuonekana safi, hayajachacha, chai inatoka nzuri tu. Povu ndilo linalogoma. Kuyachemsha mara tu yanapofika kunaua kimeng'enya hicho, na usalama wa tumbo unadai kuyachemsha kwa vyovyote. Ila asidi zilizokwisha kutoka njiani hazirudi. Baada ya kuchemsha, yapoze, toa utando wote wa juu, yachuje, ndipo uyaweke kwenye firigo. Utando ule ukiingia kwenye mrija wa mashini, utamtafuta fundi bure.

Maziwa ya boksi yaliyopashwa joto kali kiwandani hutoa povu vizuri, hasa yaliyopunguzwa mafuta. Ya unga inategemea: yasiyo na mafuta hutoa povu gumu na jingi, yenye mafuta kamili hutoa kidogo, na yale ambayo mafuta yake yametolewa na kuwekwa ya mimea usiyatumainie sana. Soma maandishi ya nyuma ya paketi.

Jinsi ya kujua kama kosa ni la maziwa ni rahisi. Mimina maziwa baridi kwenye chupa ya plastiki iliyosuuzwa vizuri, nusu tu, funga, tikisa kwa nguvu kama nusu dakika. Yakitoa povu linalokaa, maziwa hayana kesi. Povu likipanda na kuzama mara moja, iache mashini ya watu. Na nimesema chupa iliyosuuzwa kwa makusudi, maana sabuni iliyobaki kwenye jagi inaua povu la maziwa, ingawa yenyewe ni mama wa mapovu.

Basi tuseme chupa imejaa povu na mashini bado inakataa. Sasa tafuta njia ya hewa.

Kwenye mashini yenye bomba la mvuke lisilovishwa kitu chochote, hewa inaingizwa na mkono wako. Ncha ya bomba inakaa juujuu tu, kwenye uso wa maziwa, na unasikia sauti ya kitambaa kinachochanwa polepole. Ukizamisha ncha hadi chini, mvuke unapasha moto tu. Hapo hakuna kilichoharibika.

Mashini nyingi za nyumbani zina bomba lililovishwa ala ya plastiki au ya chuma. Juu kwenye ala hiyo, pembeni, kuna tundu dogo, kipenyo kama kichwa cha pini. Mvuke unapopita kwa kasi kwenye njia nyembamba, shinikizo lake linashuka, na hewa ya nje inavutwa kuingia kwa tundu lile. Mwanafizikia Mwitaliano, Giovanni Battista Venturi, aliandika juu ya mvuto wa namna hii mwaka 1797, na jina lake ndilo lililobaki kwenye kanuni. Tundu likizibwa na maziwa yaliyokauka, hakuna hewa. Likizamishwa ndani ya maziwa, hakuna hewa vilevile, linavuta maziwa. Mama mmoja alinieleza kwa simu kwamba mashini yake "inapika lakini haifanye mapovu". Nikamwuliza, mama, jagi unalijaza mpaka wapi? Mpaka juu kabisa. Nikamwambia ajaze theluthi moja na kuacha tundu lionekane. Hakukuwa na kingine cha kutengeneza.

Kama tundu limeziba, chomoa mashini kwenye umeme, iache ipoe, vua ala kwa kuivuta au kuizungusha, itie kwenye maji ya moto nusu saa. Pitisha sindano ya kushonea kwenye tundu, lakini taratibu, usilipanue: tundu likizidi ukubwa linaingiza hewa nyingi na utapata mapovu ya kufulia nguo. Ndani ya ala tazama kipira cha duara kinachoshika bomba. Kikikatika au kikikauka, mvuke unatorokea juu na mvuto unakufa. Mafundi wa mtaa wa Birere huwa na vipira vya vipimo vingi. Nenda na kile cha zamani mkononi, usiende na maelezo.

Mashini zinazovuta maziwa zenyewe kwa mrija zinafuata kanuni ile ile ya Venturi, ila mara mbili: mvuke unavuta maziwa na unavuta hewa pia, na viwili hivi vinakutana kwenye chumba kidogo. Mrija ukipasuka hata ufa mdogo usioonekana, unavuta hewa pasipotakiwa. Maziwa yanatemewa kikombeni kwa vikohozi na povu linakuwa na matundu. Utando ukiziba mrija, mvuke unatoka mtupu. Kata mrija kidogo penye ufa, uurudishe. Ukizeeka ukawa mgumu na wa njano, badilisha wote.

Vile vikombe vya umeme vyenye kipekecho cha kuzunguka ndani havina mvuke kabisa. Hapo hewa huingizwa na springi ya duara inayozunguka kwa kasi na kuvuta uso wa maziwa chini kama shimo la kisima. Angalia springi ipo: huanguka wakati wa kuosha na kutupwa na maji machafu, kinabaki kitako ambacho kinakoroga tu. Angalia pia usijaze kupita mstari wa povu, ambao uko chini kuliko mstari wa maziwa moto. Maziwa yakishika chini na kuungua, kikombe kinajizima mapema kwa sababu kinadhani joto limekwisha kufika.

Kuziba kwenyewe kunatoka wapi? Ukifunga mvuke, uliobaki ndani ya bomba unapoa, unageuka maji, unaacha ombwe, yaani utupu usio na hewa, na ombwe linanyonya maziwa kuyaingiza ndani. Kwa hiyo futa bomba kwa kitambaa chenye maji papo hapo, kisha fungua mvuke sekunde mbili au tatu uyateme. Uso na mikono mbali: mvuke unaunguza vibaya kuliko maji yanayochemka.

Ukifungua mvuke na ukatoka dhaifu, unadondosha maji, suala limehama. Maji ya Ziwa Kivu yamebeba madini mengi yaliyoyeyuka, hasa magnesiamu na bikaboneti, na kila yanapochemka yanaacha ukoko ndani ya mashini kama unavyouona kwenye birika. Yeyusha ukoko kwa unga wa asidi ya limau, kijiko kikubwa kimoja au viwili kwa lita ya maji, au kwa dawa inayotajwa na kitabu cha mashini. Kisha pitisha maji safi mara kadhaa. Siki inafanya kazi lakini harufu yake inang'ang'ania, nayo inachosha vipira. Wengine hukimbilia maji ya mvua kwa kuwa hayana ukoko. Mimi siyaungi mkono mji huu: moshi wa volkano ya Nyiragongo unayatia asidi na floridi, mabaya kwa chuma cha mashini na kwa mnywaji.

Umeme nao una sehemu yake. Nguvu ya kipasha joto inafuata mraba wa volti, yaani volti ikizidishwa kwa yenyewe. Mashini ya volti 220 ikipewa 176, yaani asilimia 80, inabaki na asilimia 64 tu ya nguvu zake. Taa itawaka kuonyesha iko tayari, lakini kipasha joto hakitamudu kazi, na mvuke utatoka na maji mengi. Maziwa yanachanganyika na maji, protini zinapungua kwenye kila tone, povu linakuwa jepesi. Tema maji ya kwanza kwenye kikombe kitupu, ngoja mashini ipate moto tena, ndipo uanze. Jenereta ndogo inayobeba na firigo kwa pamoja inaleta tatizo hilo hilo.

Kuna wanaosingizia mwinuko, kwamba mji upo mita 1,500 hivi juu ya bahari na maji yanachemka kwenye digrii 95. Hiyo ni kweli kwa sufuria iliyo wazi. Mvuke wa mashini unatengenezwa ndani ya chuma kilichofungwa, kwa shinikizo lake chenyewe, na Goma kuna baa za kahawa zinazotoa kapuchino yenye povu zito kila siku.

Fundi anastahili kuitwa pale ambapo maziwa ni mazuri na baridi, tundu liko wazi, vipira ni vizima, ukoko umetolewa, volti inatosha, na mvuke bado hautoki au pampu inanguruma bila kusukuma maji. Mwambie umekwisha kufanya yote hayo kabla hajachukua bisibisi, na mpelekee mashini ikiwa na mrija wake na ala yake. Wengi huviacha nyumbani.