Kufungua kesi ya madai korti ya federali (ya serikali kuu, si ya jimbo) Marekani: watu wanavyosema na ilivyo kweli

Nilikaa na mama mmoja jikoni kwake, fomu zimejaa mezani, bahasha ya karatasi za mshahara pembeni, anamdai bosi wake ovataimu. Swali lake la kwanza: "Mwanangu, wakili wa kunigongea muhuri nitampata wapi?" Nikamwelewa kabisa manake kwetu karatasi isiyo na muhuri haijawa karatasi. Mi si wakili ila fomu hizi nimezijaza na watu wengi na wanakwama palepale, ndo maana naandika.

"Bila wakili na muhuri haipokelewi." Inapokelewa. Mtu mzima anaruhusiwa kujisimamia kwenye kesi yake na hati ya madai inataka saini yako, anwani, simu na imeili, basi. Ila nasema kesi YAKO. Kampuni, hata kama mwenye nayo ni wewe peke yako, haiingii bila wakili, na kwa kawaida mzazi hawezi kumsimamia mtoto wake. Na usisubiri serikali ikupe wakili, haki hiyo ni ya kesi za jinai.

"Federali ni korti kubwa, so kesi kubwa zote zinaenda huko." Hapa ndo watu wengi wanapoumia. Milango mikuu ni miwili: ama madai yako yanasimama juu ya sheria ya federali au Katiba, ama wewe na mdaiwa ni raia wa majimbo tofauti na pesa inazidi dola 75,000. Kuna fomu ya JS 44, karatasi ya juu inayoambatana na hati ya madai, ina viboksi vya kuchagua mlango na mama alishatiki cha majimbo tofauti, eti kwa kuwa makao makuu ya kampuni yako jimbo lingine, wakati anachodai hakifiki hata dola elfu tisa! Hapo kesi ingetupwa kabla hata mtu hajasoma shida yake. Ovataimu iko kwenye sheria ya kazi ya federali ya 1938, FLSA, haiangalii hiyo 75,000, na kuidai hakuhitaji uraia. Tukabadilisha boksi, afu tukaitaja sheria yenyewe ndani ya hati ya madai, sababu JS 44 ni karatasi ya juu tu, haisimami badala ya madai.

"Lazima kiingereza kizito cha mawakili." Hapana jamani, kanuni zenyewe zinataka maelezo mafupi na ya wazi. Mama alikuwa ameandika ukurasa mzima jinsi bosi alivyo mtu mbaya. Tukaweka: wiki inayoanza tarehe fulani nilifanya kazi masaa 52, nikalipwa 40. Kila jambo na namba yake ya aya. Na tafadhali usiandike namba ya sosho (Social Security) nzima, weka tarakimu nne za mwisho, ukimtaja mtoto weka herufi za mwanzo za jina lake, tarehe ya kuzaliwa weka mwaka tu. Faili linasomwa na umma na karani hana wajibu wa kukukagulia.

Ada ni dola 405. Huna? Kuna fomu AO 240 ya kuomba msamaha wa ada, jaji anaamua, na ukiongopa humo ni kosa la jinai.

"Nikishafungua, korti itamtumia bosi." Haimtumii! Una siku 90 za kuhakikisha samansi (wito wa korti) na hati ya madai vimemfikia, na wewe mwenyewe huruhusiwi kumpelekea, anapeleka mtu yeyote wa miaka 18 kwenda juu asiye sehemu ya kesi. Ukipewa msamaha wa ada, maaskari wa korti wanaoitwa marshal ndo wanapeleka. Na samansi hiyo ndo yenye muhuri aliokuwa anautafuta mama, ila anaugonga karani wa korti, bila huo samansi haina nguvu.

Muda nao usichezee. Ovataimu una miaka miwili ya kufungua kesi, mitatu kama bosi alikusudia. Ubaguzi wa rangi kazini chini ya Title VII, sheria ya federali inayokataza ubaguzi kazini, unaanzia EEOC, tume ya federali ya usawa kazini, ukipata barua yao ya ruhusa una siku 90 za kufungua, na hizi si zile 90 za samansi, msizichanganye.

Mwisho mkalimani. Kwenye kesi ya mtu na mtu korti ya federali kwa kawaida haikuletei, unatafuta mwenyewe, so tafuta mtu mzima anayejua lugha zote mbili vizuri, mtoto wako mwache abaki shule.