Hewa baridi si hewa safi

Siku hizi Tabora ukiulizia ukumbi wa semina, jibu la kwanza ni kwamba hewa yake safi kabisa, kiyoyozi kipo. Nimeyasikia maneno hayo hata kwa watu wanaofundisha afya mahali pa kazi, na hapo ndipo yanaponikera, maana wanaowasikiliza huenda kujenga kwa fikra hiyo hiyo.

Uingizaji hewa ni kutoa hewa iliyokwisha kutumika ndani ya jengo na kuleta ya nje mahali pake. Basi. Feni huzungusha hewa ile ile. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani huivuta hewa ya chumbani, kikaipoza, kikairudisha humo humo. Yale mabomba yanayotokeza nje hupitisha gesi ya kupozea na kumwaga maji, hayaleti hewa. Watu arobaini wakifungiwa humo toka saa tatu hadi saa saba, wanavuta pumzi za wenzao. Akiwamo mwenye kifua kikuu ambacho hakijatibiwa, ubaridi hautamkinga jirani yake.

Jambo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1858 Max von Pettenkofer, mtaalamu wa kemia na afya wa Munich, Ujerumani, alipendekeza chumba kipimwe kwa kaboni dayoksaidi tunayoitoa tukipumua: ikizidi sehemu 1 kati ya 1,000, hewa hiyo haifai. Hakusema gesi hiyo kwa kiwango hicho ni sumu. Aliichukua kama alama ya pumzi na jasho vilivyolundikana, na mpaka leo wapimaji wanaitumia hivyo hivyo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani nalo lilishauri kila mtu aliyemo ndani apatiwe walau lita 10 za hewa ya nje kila sekunde. Hakuna kati ya vipimo hivyo kinachouliza chumba kina baridi kiasi gani.

Ubaridi una njia zake. Kuta nene za udongo, kama za tembe la Kwihara, karibu na Tabora, alikokaa mvumbuzi Livingstone mwaka 1872, huzuia joto la mchana lisipenye. Kupitisha hewa ni kazi nyingine, inataka matundu.

Na matundu ndiyo tunayoyaua. Nyumba za zamani ziliachiwa nafasi juu ya madirisha, hewa ya moto ikipanda inatokea pale. Sasa dari ya jipsamu na plasta zimeziba. Dirisha la aluminiamu la kusukuma, hata ulifungue lote, nusu yake imebaki kioo. Joto likizidi mwenye nyumba ananunua kiyoyozi, halafu anaifunga hata ile nusu iliyokuwa wazi.

Wenzangu wenye viyoyozi, hakuna anayewataka mvizime. Fungueni madirisha ya pande mbili zinazotazamana kabla watu hawajaingia, na tena wakitoka kunywa chai. Hapo ndipo mtakuwa mmeingiza hewa.