Injini imezimika katikati ya bahari: kuita msaada hadi uonekane

Boti ya abiria 6 ikipoteza injini kati ya Bagamoyo na Unguja, kinachopungua haraka si maji ya kunywa, ni chaji ya simu na fataki za ishara ya hatari. Ndiyo maana jambo la kwanza ninalosisitiza ni kutuma mahali ulipo kabla ya kuanza kupunga shati.

Simu hupata mahali ilipo kutoka kwenye setilaiti hata pasipo mtandao. Fungua ramani, bonyeza alama ya ulipo, soma namba mbili. Kisha tuma ujumbe mfupi, maana mara nyingi hupita mahali ambapo sauti inakatika: “Boti Amani, injini imekufa, watu 6, jaketi 4, -6.204, 39.012, saa 9:40 alasiri.” Tarakimu ya tatu baada ya nukta ni kama mita 110, kwa hiyo usizikate. Na usisahau alama ya kutoa: ukiandika 6.204 bila hiyo, umejiweka Ethiopia, nchi kavu. Tuma kwa mtu aliye pwani anayejua kuwa umetoka, naye apige 112. Zima simu, iwashe tena baada ya nusu saa, utume namba mpya. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini, na wakati wa kusi huenda kasi. Mahali pa saa mbili zilizopita si pako tena.

Mwenye simu ya upepo ya VHF aende chaneli 16. Weka nguvu ya juu, wati 5, kwa kuwa nyingi huachwa kwenye wati 1 ili kutunza betri. Simama, inua antena wima. Sema “Mayday”, wito wa hatari, mara tatu, jina la boti mara tatu, kisha mahali, tatizo, idadi ya watu. Halafu achia kitufe. Wengi wenye hofu hukibana muda wote, na anayejibu hawezi kusikika.

Fataki ni za kungoja. Roketi ya parachuti hupanda kama mita 300 na kuwaka sekunde 40. Ya mkononi huwaka kama dakika moja. Kuirusha kwenye upeo mtupu ni kuitupa. Roketi ni ya kumshtua aliye mbali, ya mkononi ni ya kumwonyesha ulipo akiwa tayari anakuja. Ishike upande wa demani, yaani kule upepo unakoelekea, mkono ukiwa nje ya boti, maana huangusha makaa na boti imejaa mvuke wa petroli. Mchana moshi wa rangi ya chungwa huonekana vizuri kuliko moto. Angalia tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye gamba. Unyevu wa chumvi huziua mapema zaidi zikilala chini ya mbao.

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote hakina betri: kipande cha kioo. Nyoosha mkono, fungua vidole viwili, weka meli katikati yake. Shika kioo karibu na jicho, elekeza mng'ao uangukie vidole, kisha uuchezeshe polepole juu na chini. Jua likiwa kali, mmweko huo huonekana kilomita nyingi. Sidii (CD) ya zamani inafaa pia, kwani utachungulia kwenye tundu lake.

Usiku tumia tochi: mmweko mfupi mara tatu, mrefu mara tatu, mfupi mara tatu, kisha tulia kidogo. Kipenga kifungwe kwenye jaketi, kisiwe mfukoni.

Huna chochote? Nyoosha mikono yote miwili pembeni, ipandishe na kuishusha polepole, tena na tena. Hiyo ni ishara rasmi ya hatari baharini. Kupunga mkono mmoja kunafanana na salamu, na nahodha wa meli atakupungia naye apite.

Boti ikipinduka, panda juu ya tumbo lake na ubaki hapo. Kichwa kimoja majini, penye mawimbi, hakionekani hata kwa mita mia chache.