Barua ya kuacha kazi haisafishi CV yako

Nimeshaligusia hili huko nyuma ila naona halijaisha, maana wiki hii tena nimepigiwa simu na mtu aliyeambiwa na bosi wake, na nyumbani shemeji akamuunga mkono, kwamba bora aandike mwenyewe barua ya kuacha kazi, akisubiri kuachishwa CV itachafuka na hatapata kazi tena. Akaandika. Ana miaka 6 pale. Namuuliza kosa lake nini, ananiambia hana kosa, kampuni ilikuwa inapunguza watu.

Jamani. Kupunguzwa kazi sio kosa la nidhamu. Nimekaa kiti cha HR miaka mingi kabla sijaanza kusimama na wafanyakazi CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inakopelekwa migogoro ya kazi), nimepitia marundo ya CV, na sijawahi kumtupa mtu pembeni eti kwa sababu kampuni yake ilipunguza wafanyakazi. Anayenufaika na barua yako ni mwajiri, basi.

Kwa nini anaitaka? Kwa sababu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hapa Tanzania inamtaka akitaka kupunguza watu atoe taarifa mapema, aweke wazi taarifa zinazohusika, akae na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe wazungumzie sababu, namna ya kuepusha au kupunguza idadi ya watakaoondoka, vigezo vya nani aende nani abaki, lini, na malipo ya kiinua mgongo. Hiyo kazi yote inafutwa na karatasi moja yenye saini yako.

Tupige hesabu. Mshahara wa msingi 780,000, unafanya kazi siku 6 kwa wiki, kwa siku inakuja kama 30,000. Kiinua mgongo cha kisheria ni siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, kwa hiyo wa miaka 6 ana 1,260,000. Ongeza notisi ya siku 28 au malipo yake, ongeza nauli ya kukurudisha ulikoajiriwa kama walikutoa mkoani. Ukiacha mwenyewe kiinua mgongo hakuna, na notisi inageuka, sasa wewe ndiye unayedaiwa siku 28, nimeona watu wanakatwa mshahara wa mwisho kwa hilo. Halafu kuna NSSF. Fao la kukosa ajira, lile ambalo mwenye taaluma aliyechangia angalau miezi 18 anapata 33.3% ya mshahara kwa miezi 6 wakati anatafuta kazi nyingine, halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari. Hiyo miezi 6 ndiyo kodi ya nyumba na ndiyo nauli ya kwenda kwenye usaili, na mtu anaitoa sadaka kwa ajili ya CV ambayo wala haikuwa na doa!

Likizo ambayo hukwenda na siku ulizofanya kazi unalipwa hata ukiacha mwenyewe, kwa hiyo hizo msikubali kuambiwa zimepotea.

Sasa nifike kwenye barua yenyewe maana hapa ndipo damu inanichemka. Mara nyingi huandiki wewe. Unaitwa ofisini saa kumi jioni, barua imeshachapwa, jina lako lipo, tarehe ipo, kilichobaki ni mstari wa saini. Inasema "naomba kuacha kazi kwa sababu zangu binafsi, naushukuru uongozi kwa ushirikiano walionipa, na sina madai yoyote dhidi ya kampuni." Unaambiwa saini leo, hela kesho. Kuna watu wanakuja kwangu wanasema lakini mimi nililazimishwa, na nawaamini, na ni kweli sheria inatambua kwamba mwajiri akiyafanya mazingira ya kazi yasivumilike mpaka mtu akaondoka, huko ni kuachishwa hata kama barua ameandika mfanyakazi. Ila mzigo wa kuthibitisha unaubeba wewe, na jambo la kwanza utakaloulizwa ni je, ulilalamika popote kabla ya kuondoka? Ulitumia utaratibu wa malalamiko wa ofisini kwenu? Halafu wakili wao anaisoma ile "naushukuru uongozi kwa ushirikiano" taratibu, neno kwa neno, na wewe umekaa pale unaangalia meza.

Kwa hiyo sentensi tatu zile ndizo zinazokumaliza. Sababu binafsi inaondoa kupunguzwa, shukrani inaondoa kulazimishwa, sina madai inaondoa hela. Ukiwekewa hiyo karatasi omba uende nayo nyumbani ukaisome, ni haki yako kutosaini hapo hapo, wakikataa toka bila kusaini. Na kama umeshasaini kwa woga, jioni hiyo hiyo tuma barua pepe kwa HR na nakala ibaki kwako, eleza uliitwa saa ngapi, nani walikuwepo, uliambiwa nini. Usisubiri wiki. Kama unapinga kuachishwa una siku 30 tu kupeleka mgogoro CMA kwa fomu namba 1, madai mengine siku 60, ukichelewa unaanza na maombi ya kuongezewa muda na sababu lazima iwe nzito, "nilikuwa naongea nao kwenye simu waliniahidi" haitoshi. Wenye chini ya miezi 6 kazini hawawezi kudai waliachishwa isivyo haki, hilo nalo mlijue.

Turudi kwenye kutafuta kazi. Mnaogopa swali la "kwa nini uliondoka?" Jibu lake ni "kampuni ilipunguza wafanyakazi, idara yetu iliguswa," unanyamaza, unasubiri swali linalofuata. Aliyeandika barua ya sababu binafsi ndiye anayehangaika, maana msaili atauliza sababu gani hizo zilizokutoa kazini bila kuwa na kazi nyingine mkononi, na hapo watu wanaanza kutunga stori. Mwaka 2025 misaada ya USAID, shirika la misaada la Marekani, ilipokatwa, watu wa miradi ya afya walitoka kwa makundi, wazuri kabisa, na kwenye CV zao imeandikwa tu mradi umefungwa. Nani aliwaona wachafu? (Wengi walikuwa na mikataba ya muda maalum, na mkataba wa namna hiyo ukikatishwa katikati angalieni ile miezi iliyobaki, hilo lina mada yake.)

Omba cheti cha utumishi, mwajiri anatakiwa kukupa kisheria, na mdhamini unayemweka kwenye CV awe msimamizi aliyeiona kazi yako, umpigie kabla, usimshtukize.

Kuna kitu sina jibu lake zuri. Kwenye sekta ndogo, mabenki, migodi, mahoteli, mabosi wanajuana, na ukifungua mgogoro habari inasafiri kwa simu ambayo hakuna sheria inayoisikia. Nimeona mtu ameshinda vizuri kabisa na mwaka mzima hakuitwa usaili. Siwezi kukuapia kwamba ni kwa sababu ya kesi, ila siwezi kukuapia kwamba sio. Ndio maana wengi nawashauri wamalizane kwenye usuluhishi, ile hatua ya kwanza, kama kiasi kinachotolewa kinakaribia haki yao.

Na yupo ambaye kwake barua inaweza kuwa na maana, yule mwenye tuhuma nzito, ushahidi upo na mwenyewe anajua upo, anaambiwa achague kati ya kuacha na kikao cha nidhamu. Hapo nasitasita kweli. Kiinua mgongo hatapata kote kote, kwa sababu aliyefukuzwa kwa utovu wa nidhamu naye hakipati, kwa hiyo kinachobaki ni neno litakaloandikwa kwenye faili lake. Huyo simpi jibu kwenye simu. Aje na barua ya tuhuma, mkataba na salari slipu za miezi ya mwisho, na aje kabla hajasaini.