MUD za Texas: bomba si zawadi ya mwendelezaji

Anayenunua nyumba mpya pembezoni mwa Houston huamini kwamba mwendelezaji wa mtaa ndiye aliyelipia mabomba ya maji na majitaka, basi yamekwisha. Hayajaisha. Alitanguliza fedha tu.

Eneo likiwa bado malisho ya ng'ombe, wenye ardhi huomba iundwe wilaya ya huduma za manispaa, maarufu kama MUD, ya kugharamia mabomba hayo. Ombi huenda kwa TCEQ, tume ya mazingira ya jimbo, au Bunge la Texas huiunda kwa sheria maalumu. Neno "manispaa" lisikupoteze: hii si idara ya jiji. Ni serikali ndogo inayojitegemea, ina wakurugenzi watano na mamlaka ya kutoza kodi.

Kinachonishangaza ni kura. Deni la wilaya huidhinishwa na wapigakura wanaoishi ndani yake, na wakati huo karibu hakuna anayeishi humo. Imetokea watu wawili watatu, waliohamia kwenye nyumba ya magurudumu, wakaidhinisha mamilioni ya dola. Sheria inaruhusu, mimi bado naona ni kichekesho.

Nyumba zikishasimama, wilaya huuza hati fungani, yaani hukopa kwa wawekezaji, humrudishia mwendelezaji sehemu kubwa ya fedha zake, kisha wakazi hulipa deni kwa miaka mingi kupitia kodi ya ardhi na majengo. Wakiongezeka walipaji, kiwango chaweza kushuka. Muuzaji analazimika kisheria kukupa taarifa ya maandishi yenye kiwango cha kodi na deni la wilaya kabla hujafunga mkataba. Isome kabla ya kutia saini.