Biskuti za Mdalasini za Kudondosha: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Anayefungua kwa mara ya kwanza boksi la unga wa Kimarekani uliochanganywa tayari, akafuata maelekezo ya biskuti za mdalasini zinazodondoshwa kwa kijiko na kumiminiwa sukari juu, mara nyingi hutoa sinia kwenye oveni akiamini kwamba ameharibu. Alitarajia kitu chembamba cha kukatika kwa meno, na badala yake amepata vidonge vinene, vyenye vichongoko vya kahawia juu na laini ndani kama mkate. Hakuharibu chochote. Neno biskuti lina asili ya Kilatini na maana yake ni kilichookwa mara mbili. Waingereza, ambao ndio waliotuletea neno hilo, walibaki na maana ya ukavu, ilhali Wamarekani, hasa wa majimbo ya kusini, walilitumia jina hilohilo kwa mkate mdogo mlaini unaoumuliwa kwa bekingi pauda na kuliwa ungali moto wakati wa kifungua kinywa. Ndugu yake wa karibu ni skonzi ya Kiingereza, ile isiyotiwa hamira. Makosa mengi ninayoyaona katika kuzipika biskuti hizi yanatokana na mikono iliyolelewa na maandazi na chapati, mikono ambayo imefundishwa kwamba unga usiposumbuliwa hautoi kitu kizuri.

"Unga tayari ni wa watu wasiojua kupika"

Historia inasema kinyume. Kwa mujibu wa simulizi ya kampuni ya General Mills yenyewe, mwaka 1930 ofisa wake wa mauzo, Carl Smith, alikuwa ndani ya treni iliyokuwa ikielekea San Francisco, akaagiza chakula usiku baada ya muda wa mlo kupita, na akashangaa kuletewa biskuti za moto baada ya muda mfupi mno. Mpishi wa behewa la chakula alimwonesha siri yake: alikuwa amekwisha changanya unga, mafuta ya nguruwe, bekingi pauda na chumvi, akauhifadhi mchanganyiko huo kwenye barafu, na alichobakiza ni kutia maji tu na kuoka. Huyo alikuwa mpishi wa kazi, si mtu aliyekosa ujuzi. Smith aliipeleka fikra hiyo kwa mkemia wa kampuni, Charlie Kress, ambaye kazi yake ngumu ilikuwa kuyazuia mafuta yasiende mrama ndani ya boksi lisilowekwa kwenye baridi, na mwaka 1931 bidhaa ikaingia sokoni kwa jina la Bisquick. Msomaji Mwislamu asiishtushwe na mafuta ya nguruwe ya yule mpishi wa treni, kwa kuwa Bisquick ya siku hizi hutumia mafuta ya mimea. Hata hivyo, kwa boksi la kampuni nyingine yoyote, ni vyema kusoma maandishi ya ubavuni kabla ya kununua.

Kutokana na asili hiyo linajibiwa swali jingine linaloulizwa sana, kwamba je, unga unaoumuka wenyewe, ule unaouzwa madukani kwetu, si ndio huohuo? Sio. Unga wa namna hiyo, ambao Henry Jones wa Bristol alipewa hataza yake mwaka 1845, una ngano, kiumulishi na pengine chumvi, lakini hauna mafuta. Unga tayari wa Kimarekani una mafuta ndani yake, na ukiubadilisha kwa unga unaoumuka wenyewe bila kuongeza mafuta utapata vitu vya kutafuna hadi taya zichoke. Asiye na boksi ajitengenezee: gramu 250 za unga wa ngano wa kawaida, vijiko vidogo vitatu vya bekingi pauda, nusu kijiko kidogo cha chumvi na gramu 50 za mafuta magumu ya kupikia, yasuguliwe kwa ncha za vidole mpaka unga ufanane na chenga za mkate. Huo ndio "unga tayari", na utakaa kwenye jokofu wiki kadhaa.

"Tuuache kwanza uumuke"

Hapa mkanganyiko umo katika majina, maana wako wanaoita hamira kila kinachoumua unga. Hamira ni viumbe hai. Hula sukari taratibu, hutoa gesi taratibu, na ndiyo maana donge la maandazi hufunikwa kwa kitambaa na kusubiriwa. Bekingi pauda ni kemikali kavu, yaani sodiamu baikaboneti iliyochanganywa na chumvichumvi zenye asidi pamoja na wanga wa kuzuia unyevu, na hufanya kazi mara inapokutana na kimiminika. Nyingi zinazouzwa leo hufanya kazi mara mbili: sehemu ya gesi hutoka wakati wa kukoroga na sehemu nyingine husubiri joto la oveni. Kwa hiyo mtu akisahau bakuli mezani kwa nusu saa, ile sehemu ya kwanza imekwisha potea hewani na biskuti zitatoka zimesinyaa. Oveni iwe imeshapata moto kabla maziwa hayajagusa unga.

Tukiwa hapohapo, bekingi pauda huzeeka, na katika hewa ya pwani huzeeka upesi zaidi kwa sababu ya unyevu. Kabla ya kulaumu mapishi, tia kijiko kidogo cha bekingi pauda kwenye maji ya moto yanayojaa robo kikombe. Ikifura povu kwa kishindo, ni nzima. Ikitoa viputo viwili vitatu na kunyamaza, itupe.

"Koroga mpaka usione hata donge moja"

Hii ndiyo dhana inayoharibu biskuti nyingi kuliko zote, na ni ngumu kuing'oa kwa sababu katika mapishi yetu mengine ni kweli. Chapati hukandwa ili protini za ngano ziungane na kufanya gluteni, ule utando unaonyumbuka ambao humwezesha mpishi kusukuma duara pana bila kuchanika. Biskuti ya kudondosha haihitaji unyumbufu huo hata kidogo. Inataka ndani yake pavunjike kwa urahisi. Kila mzunguko wa ziada wa mwiko baada ya maji kuingia huijenga gluteni, na matokeo yake ni biskuti yenye kichwa laini kilichonyooka, ya kupendeza kwa macho na inayovutika mdomoni kama bazoka.

Namna sahihi inaonekana kama uzembe. Chimba shimo katikati ya unga, mimina maziwa yote kwa mara moja, yapata mililita 180 kwa kipimo nilichotaja hapo juu, kisha geuza kwa uma kutoka chini kwenda juu. Mara kumi na mbili, kumi na tano hivi, inatosha. Acha pale unga mkavu unapomalizika chini ya bakuli, hata kama rojo bado lina mabonge kama uji ulioshindikana. Rojo lenyewe linapaswa kuwa zito la kung'ang'ania kijiko: ukikiinamisha, linasita, linaanguka kwa pigo moja zito, na juu yake panabaki vichongoko. Vichongoko hivyo usivisawazishe kwa kidole kilicholowa maji, jambo ambalo nilikuwa nikilifanya kwa miaka nikidhani naleta usafi wa kazi. Ndivyo vinavyokauka kwanza, vikawa vya kahawia, vikaipa biskuti sehemu yake pekee ya kukatika. Na baadaye ndivyo vinavyoielekeza sukari ya juu ishuke mabondeni.

"Mdalasini ni mdalasini, na ukizidi ndio ladha"

Sokoni huuzwa magome ya miti tofauti kwa jina moja. Mdalasini wenyewe, asili yake Sri Lanka, ni gome jembamba lililokunjwa tabaka nyingi kama sigara, ambalo hupondeka kwa vidole na kunukia kwa upole. Ule mwingine, kasia, unaotoka hasa China, Vietnam na Indonesia, ni gome nene la tabaka moja, gumu la kuvunjia meno, lenye ukali unaochoma ulimi. Na unga mwingi wa mdalasini unaouzwa Marekani ni wa kasia. Aliyepata kutembezwa kwenye mashamba ya viungo ya Unguja huenda anakumbuka mwongozaji akichimbua kipande cha mzizi wa mti wa mdalasini na kumpa anuse, na mzizi huo ukanukia kafuri, kama dawa ya kuchua kifua. Gome la shina na mzizi wa mti uleule havina harufu moja, sembuse miti miwili ya spishi tofauti.

Tofauti hiyo si ya pua tu. Kasia ina kiasi kikubwa cha kumarini, kemikali ambayo ikizidi kwa muda mrefu inaweza kudhuru ini kwa baadhi ya watu, wakati mdalasini wa Sri Lanka una chembe tu. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya inaona kwamba miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku ni kiasi kisicho na madhara, na sheria ya Umoja wa Ulaya ya kudhibiti kumarini katika vitu vya kuokwa ilizua zogo kubwa Denmark mwaka 2013, waokaji walipohofia maandazi yao ya mdalasini ya kuviringishwa. Lakini hofu nayo isipite kiasi. Wataalamu wa Ujerumani walikuta kasia ikiwa na wastani wa miligramu 3 za kumarini kwa gramu, ingawa hutofautiana sana. Kijiko kidogo kimoja, gramu mbili na nusu hivi, kinachogawanywa katika biskuti 12 kinaacha chini ya miligramu moja kwa kila biskuti, na mtu mzima wa kilo 60 ana nafasi ya miligramu 6 kwa siku. Anayestahili uangalifu ni mtoto mdogo anayepewa kasia kila asubuhi, kwenye uji, kwenye chai na kwenye biskuti.

Ama kuhusu wingi, kijiko kidogo kimoja kwa gramu 250 za unga kinatosha. Ukiongeza hadi vitatu hupati utamu mara tatu. Unapata uchungu na ukakasi unaokausha ulimi. Mdalasini wa unga pia hauyeyuki majini, kwa hiyo anayeutia kwenye maziwa atauona ukielea na kujikusanya vinundu. Uchanganye na vijiko viwili vikubwa vya sukari, kisha utie kwenye unga mkavu.

"Moto mdogo ni salama"

Si salama, hukausha. Biskuti hizi zinataka joto kali, nyuzi 220 hadi 230 za Selsiasi, kwa dakika tisa hadi kumi na mbili, ili gesi ipanuke kabla rojo halijagandamana. Boksi la Kimarekani likiandika 450, ni Farenhaiti, sawa na Selsiasi 230 hivi, na kikombe chake ni cha mililita 240 hivi, si kile cha kahawa. Asiye na oveni asikate tamaa: sufuria nzito iliyokwisha pashwa, makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko, kama ilivyo kwa mkate wa kumimina, hufanya kazi hiyohiyo, ila rangi ya juu haitakuwa sawasawa.

"Sukari ya juu ni sukari na maji tu"

Ni kweli nusu. Sukari ya kawaida, hata ukiisaga, huacha chenga zinazosikika menoni, na ukiichemsha na maji unapata shira, ambayo ni kitu kingine kabisa: kaimati huifurahia, biskuti hii hulowa. Inayotakiwa ni sukari laini kama poda, ambayo huuzwa ikiwa imetiwa wanga kidogo wa mahindi ili isigandamane, na wanga huo husaidia kulifanya rojo lishike. Kwa gramu 120 za sukari hiyo, anza na kijiko kikubwa kimoja cha maziwa na matone ya vanila, kisha ongeza maziwa kwa matone, kwa sababu nusu kijiko kidogo tu hutosha kuligeuza rojo zito kuwa maji. Kipimo ni hiki: linyanyue kwa kijiko, liache lidondoke, na mstari wake uonekane juu ya bakuli kwa sekunde chache kabla ya kuzama.

Wengi huimimina mara biskuti zinapotoka motoni, na sukari yote huishia kwenye sinia. Zisubiri dakika tano hadi kumi ukitaka utando mwembamba unaong'aa, au mpaka zipoe kabisa ukitaka michirizi minene myeupe.

Pia usizifungie kwenye kopo kwa wiki nzima kwa sababu tu zinaitwa biskuti. Zinazeeka kama mkate, jioni zimeanza kuwa nzito na kesho yake ni kavu. Zile zisizoliwa ziwekwe bila sukari, zipashwe dakika chache kwenye joto la wastani, ndipo rojo jipya limiminwe; ndiyo sababu kwangu huwa nakoroga sukari ya kutosha biskuti zilizopo mezani tu.