Misuli ya Hercules Si Kosa

Kwa mara nyingine tena mtazamaji amesimama mbele ya chapa ya Hercules Mkuu, picha ya shujaa wa ngano za Kigiriki iliyochapwa kwa wino kutoka bamba la shaba alilolichonga Mholanzi Hendrick Goltzius mwaka 1589, akanieleza kwa kujiamini kwamba mchongaji huyo hakuujua mwili wa binadamu, kwa kuwa hakuna mtu mwenye misuli iliyofura kama gunia la viazi. Gunia la viazi naliafiki, maana Waholanzi nao walimbandika jina la Knollenman, yaani mtu wa viazi. La kutoujua mwili ndilo silikubali.

Aliyewahi kushika burini, kile chuma chembamba chenye ncha kali cha kuchongea mistari, anajua kwamba katika shaba mstari hautokei kwa bahati mbaya. Kila mmoja husukumwa taratibu, bamba likizungushwa juu ya mto wa ngozi, na ukikosea itakubidi ukwangue, usugue, kisha ugonge bamba kwa nyuma ili pale palipobonyea parudi usawa. Nani apitie adha hiyo begani, kifuani na mapajani kwa sababu ya ujinga tu?

Kinachonikera hasa ni kwamba watu huhesabu nundu na kuupuuza mstari wenyewe. Goltzius huanza na uzi mwembamba, akazamisha ncha hata mfereji ukapanuka na kubeba wino mwingi, kisha akaiinua polepole mpaka mstari ukanywea na kupotea. Na kwa kuwa mistari hiyo hupinda kuufuata msuli, yenyewe ndiyo kivuli, na yenyewe ndiyo umbo. Mstari wa namna hiyo unahitaji mlima wa kupanda. Ndiyo maana Icarus na Phaeton wa mwaka 1588, vijana wa ngano walioanguka kutoka angani, aliowachonga kutokana na kazi za mchoraji Cornelis van Haarlem, wanaporomoka wakiwa wamejipinda.

Mwaka 1590 alisafiri kwenda Italia, na sanamu ya Hercules aliyoiona Roma katika jumba la Farnese akaichonga kwenye bamba kama inavyoonekana kutoka mgongoni, misuli ikiwa imetulia mahali pake. Mkono ni ule ule, tena ulioungua utotoni.

Nakiri kwamba sijaamua kama Knollenman ni sifa au dhihaka. Wapo wanaomsoma kama nguvu ya majimbo ya Uholanzi yaliyoungana dhidi ya Hispania, na nikiinama karibu na karatasi nakubaliana nao. Nikirudi nyuma hatua tatu, nacheka.